Muti ya Jado

Masisi, Siku ya Mungu

Mutoto yangu Jado,

Nakusalimia. Ng'ombe yetu Bihogo alizala. Maziwa iko mingi kwa muntu mumoja.

Pale mulikuwa munachimba mawe, sasa majani imefunika kilima. Njia iko laini. Hata na hii goti yangu naizunguka polepole, peke yangu, naangalia ndege wakikunywa mu shimo ya zamani.

Kila familia ilipanda pale muti ya muntu wao aliyefunikwa na udongo siku shimo ilibomoka. Mie nilikataa, sababu muntu mumoja wa pikipiki alisema alikuona Walikale. Njo yeye anakuletea hii barua.

Miaka mine, Jado! Leo nimepanda muti yako, ya matunda ya avoka. Kama uko muzima, kuja uing'oe wewe mwenyewe.

Mama yako,
Drocella