Onyo la Ukurasa wa Kumi

Februari 4

Mwanangu,

Hujambo, na kazi je? Mimi ni magoti tu, mengine siyalalamikii. Baba yako koo bado linamsumbua. Upasuaji ni tarehe kumi na mbili, na daktari amesema wazi kwamba sauti haitarudi. Kwa hiyo kila asubuhi yeye anasema, mimi napiga chapa, ili kitabu chake cha kutengeneza saa kiishe kabla ya siku hiyo.

Nakitunza kwa hiyo programu yako ya kuhifadhi kila toleo la kazi, maana uliniomba niujaribu mwongozo ulioandika kabla mkuu wako hajawapa wanafunzi. Umenichosha. Ukurasa wa kwanza unasema "ni rahisi sana." Nani kakwambia? Ukurasa wa tatu nimepiga kama ulivyoandika: jina-lako-hapa. Sasa kompyuta inaniita hivyo.

Shangazi yako

Februari 6

Shikamoo Shangazi,

Natumaini magoti yametulia. Baba mpe salamu zangu nyingi. Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma na sababu unaijua.

Shangazi, pale unaweka jina lako wewe. Kila mtu anajua. Na penye ujumbe-wako-hapa, unaandika umebadilisha nini, kila unapohifadhi toleo. Endelea tu hadi mwisho, makosa nitayarekebisha yote kwa mpigo. Mkuu amenishikia bango, anautaka mwongozo.

Mwanao

Februari 9

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, baba yako anakula kidogo kidogo.

Kila mtu nani? Nimepiga chapa ofisini miaka thelathini na moja, na kazi ilikuwa hiyo: unapiga ulichopewa, huongezi hata nukta. Meneja akikosea, kosa ni lake. Ukitaka niandike jingine, andika kwenye mwongozo kwamba niandike jingine. Mpaka hapo napiga kilichopo.

Shangazi yako

Februari 21

Mwanangu,

Salamu leo zitakuwa fupi. Baba yako ametoka hospitali salama, amekonda, na sauti ndiyo imekwenda. Sura ya mwisho, ya saa za ukutani, aliimaliza siku moja kabla ya kulazwa.

Leo asubuhi nimefika ukurasa wa tisa. "Sasa piga amri hii." Nikapiga. Kitabu chote kikarudi kwenye toleo la kwanza, yaani karatasi moja yenye kichwa cha habari. Nikafungua ukurasa wa kumi: "Onyo: amri iliyotangulia inaweza kufuta kazi yako." Onyo linakuja baada ya kitendo, mwanangu? Kaka yangu amekaa hapa ananitazama, na siwezi kumwambia aseme tena. Nimekukasirikia sana.

Shangazi yako

Februari 21

Shikamoo Shangazi,

Usiguse kitu. Kosa ni langu. Nimesoma barua yako nikaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi, nikalia.

Ulichokihifadhi bado kimo. Kilichopotea ni kile tu ambacho hukukihifadhi. Nimeambatisha amri ya kuorodhesha matoleo yote na ya kulirudisha moja. Chukua la mwisho kabla ya leo. Utafute kwa tarehe, kwa kuwa yote umeyaita ujumbe-wako-hapa. Uniambie Baba anaendeleaje.

Mwanao

Februari 24

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na baba yako jana amemaliza bakuli la uji.

Matoleo yapo arobaini na sita, yote jina moja. Ya ile siku ya mwisho yapo matano, nimefungua manne yasiyo yenyewe, huku kaka akigonga meza kwa kijiko. La tano ndilo. Sura yote imo isipokuwa ukurasa wa mwisho. Huo sikuuhifadhi, alishikwa na kikohozi, nikaenda kumletea maji. Nilipomwambia, aliomba penseli kwa ishara. Ameuandika kwa siku mbili, mistari sita. Nimeupiga na makosa yake yote.

Onyo lihamishie juu ya amri. Na ile "rahisi sana" ifute, nisiione tena.

Leo nimeacha kupiga nilichopewa. Penye ujumbe-wako-hapa, kwenye lile toleo tulilolirudisha, nimeandika: Saa za ukutani, kaka alipokuwa bado anasema.

Shangazi yako