Mwisho wa Filamu ya Daraja

9 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima napenda kuutangazia ulimwengu, kupitia kwako, kwamba siku ya Jumamosi iliyopita, majira ya saa nne asubuhi, ndani ya duka la vitu vilivyochoka, kati ya pasi isiyo na waya na sanamu ya mbwa asiye na sikio, imepatikana filamu ya Daraja la Wanafunzi Wawili. Hali yake ni nzuri. Waliohudhuria tukio hilo ni mimi na muuzaji, na muuzaji alikuwa anasinzia.

Baada ya tangazo, salamu. Hujambo? Shemeji hajambo? Mimi mzima, kiuno tu ndicho kinachonung'unika, kwa sababu kazi yangu bado ni ile ya kufua mashuka ya hospitali. Yanaingia machafu kwa mlango huu, yanatoka meupe kwa mlango ule, na mimi nimesimama katikati mwaka wa kumi na moja sasa. Miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo hatujaandikiana. Najua, usinikumbushe.

Ni ile ile, kaka. Siyo kanda, ni diski, lakini ni ile uliyokuwa ukiionyesha kila Jumapili kwenye chumba chako cha video, watu wamebanana kwenye mabenchi, mimi nimeshika deki, wewe umesimama pembeni ya televisheni na fimbo yako, unawatafsiria lugha ambayo hukujua hata neno lake moja. Mwalimu mgonjwa mlimani, mwanafunzi mkubwa, mwanafunzi mdogo. Halafu pale darajani, wawili hao wanapokutana uso kwa uso, deki iliitafuna kanda siku ya kwanza kabisa, na hakuna aliyewahi kuuona mwisho. Skrini ilikuwa ikigeuka chenga tupu, wewe unaendelea kusimulia, na watu wanaendelea kuzitazama chenga kwa makini kama wanaona kitu. Hakuna aliyenyanyuka hata siku moja.

Mimi sasa nimeuona mwisho.

Lakini nina swali. Mwaka juzi nilikutana huku na yule fundi viatu wa benchi la mbele. Alinikumbatia, akacheka, akaniita Msaliti. Nikamuuliza kisa. Akasema, "Si wewe ndiye yule mdogo, anayemkimbia mwalimu mgonjwa? Kaka yako ndiye aliyetuambia." Mimi nilipokuwa nyumbani, kaka, yule mdogo alikuwa anashuka mlimani kutafuta dawa. Ameanza kukimbia lini?

Nijibu.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Tangazo lako limepokelewa na kusomwa mbele ya wajumbe wote wa nyumba hii, yaani mke wangu na kuku mmoja ambaye hakuchangia hoja. Nimefurahi kujua u mzima. Kiuno kipe maji ya moto.

Sisi hatujambo, ukiondoa macho yangu. La kushoto limestaafu tangu mwaka jana bila hata kuaga. Ni sukari. La kulia nalo, daktari anasema, linafungasha. Akisema hivyo huwa anaiangalia karatasi, haniangalii mimi. Nadhani anaona haya kumtazama mtu asiyemwona vizuri.

Chumba cha video siku hizi ni stoo ya saruji. Deki ilikufa. Kanda ya Daraja bado ninayo, imeota ukungu mpaka ukiitikisa inapiga chafya.

Sasa nisikilize. Itume hiyo diski. Kinyozi wa jirani ana mashine, amekubali kuniazima. Ule mwisho nimeusimulia mara nyingi kuliko nilivyosali, na kila mara tofauti. Mara wanapatana, mara daraja linakatika, na siku moja nilipoishiwa niliwaleta polisi. Nataka nikione kilichokuwa nyuma ya chenga wakati bado kuna jicho la kuonea. Hilo tu. Sijaomba figo.

Na kabla hujatuma, fungua kasha uangalie. Hujasahau sheria ya kaunta yetu ya kukodisha kanda, kasha haliingii wala halitoki bila kufunguliwa. Mkumbuke yule mwalimu wa hesabu aliyetuletea kasha lenye kipande cha sabuni ndani, uzito sawa kabisa na kanda.

Kuhusu huyo mdogo na kukimbia kwake, fundi viatu alikuwa akisinzia nusu ya kila filamu. Usimwamini.

Shemeji yako anakusalimu, anauliza umeoa au bado unafua.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Pole sana na macho. Umeiandika habari hiyo kwa utani, nami niliisoma nimesimama mbele ya mashine namba sita, nikaja kugundua nimefua mzigo mzima bila sabuni. Shemeji mwambie bado nafua.

Fundi viatu hakusinzia. Alinisimulia yote kwa sauti yako, hadi kikohozi chako kile cha kutafuta neno.

Diski hii ina maandishi chini, kwa lugha ninayoisoma. Nimeitazama mara ishirini na kitu, kila nikitoka kazini. Kaka, tulikosea karibu kila kitu. Yule mzee wa ndevu nyeupe tuliyemlilia si mwalimu, ni mpishi. Mwalimu ni yule mwenye ufagio, ambaye wewe ulimwita mwehu na watu wakamcheka miaka yote. Ile hotuba ndefu kabla ya vita, uliyoitafsiri kuwa ni heshima ya ukoo, wanabishana nani aliacha lango wazi mbuzi wakatoka.

Lakini mwanafunzi mdogo hakukimbia. Imeandikwa kabisa. Mwalimu mwenyewe anamwambia, "Shuka. Ukibaki tutaisha wote." Anakataa. Mwalimu anamsukuma nje kwa ufagio.

Na mama alinisukuma hivyo hivyo, na ufagio ulikuwa mkononi mwake kweli, wewe ulikuwepo mlangoni ukisikia. "Nenda, usinikalie hapa kama msiba." Nikaja huku nikasubiri neno lako kwamba amezidiwa, nije. Neno lililonifikia ni kwamba ameshazikwa siku tisa zilizopita. Halafu wewe ukachukua fimbo yako ukawaambia mtaa mzima nimekimbia.

Diski nitaituma siku utakapoandika kwa mkono wako kwamba yule mdogo hakukimbia. Mstari mmoja unatosha. Kabla ya hapo inakaa na mimi.

Mdogo wako


17 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Samahani kwa herufi kubwa, si majivuno, nikiandika ndogo sizioni. Mistari ikipandana, anza na wa juu.

Mei na Juni nilikuwa nimekasirika. Julai nilikaa tu. Agosti daktari akaniambia nisitegemee kuiona kalenda mpya. Kwa sasa naona kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi, kwenye kiti cha dirishani, kama jua limekubali. Baada ya hapo shemeji yako anabaki sauti na harufu ya vitunguu. Barua hii imenichukua asubuhi nne.

Yule mdogo hakukimbia.

Huo ndio mstari wako. Ila hautoshi, kwa hiyo endelea kusoma.

Mama alipozidiwa nilikuandikia uje. Niliifunga barua, nikabandika stempu. Posta ni mwendo wa dakika kumi, unaijua. Asubuhi ile ile jirani alikuja kumwona mama, akanishika bega mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye mtoto. Yule mwingine ni jina tu." Nikaona utamu, mdogo wangu. Maisha yangu yote nimesimama pembeni ya skrini nikisimulia wengine wakipigana. Siku hiyo nilikuwa ndani ya filamu, mwanafunzi mkubwa aliyebaki mlimani. Ukija wewe, tungekuwa wawili. Nikasema nitaipeleka kesho.

Mama alikaa siku kumi na sita zaidi. Kila siku alikuulizia. Nilimjibu kwamba nimekuandikia, na kumbe sikuwa nasema uongo.

Barua niliificha ndani ya kasha la Daraja, kanda nikaiacha nje, ndiyo maana imeota ukungu. Ndilo kasha pekee ambalo sikulifungua tena. Bado imo.

Baada ya mazishi watu wakauliza, mdogo wako yuko wapi? Jumapili nikafungua chumba cha video. Yule mdogo alipoanza kushuka mlima, mdomo wangu ukasema, anakimbia. Watu wakaizomea skrini. Hakuna aliyeniuliza tena uko wapi. Nikasema hivyo hivyo kila Jumapili mpaka tulipofunga.

Sikuombi msamaha, nisikuchoshe. Tuma filamu.

Kaka yako


8 Oktoba

Kaka,

Salamu zimekwama, utanisamehe.

Nimekaa na barua yako siku kumi na moja mfukoni mwa koti la kazi. Siku moja iliingia kwenye mashine pamoja na koti. Niliitoa imelowa lakini inasomeka. Herufi kubwa hazifutiki kirahisi.

Siku kumi na sita. Barua ingenifikia siku ya tisa, na kutoka huku mpaka nyumbani ni siku tatu, treni na basi. Ningebaki na siku nne za kukaa naye. Kila shuka ninalolikunja naanza kuzihesabu: siku ya kwanza ningefika jioni, siku ya pili ningemwogesha. Sijafika siku ya nne hata mara moja.

Nilitaka nikuandikie matusi. Nikaanza, nikakumbuka kwamba mwezi wa nne jicho lako lilikuwa linaona mchana kutwa, na diski nilikuwa nayo mkononi, nikaigeuza kufuli. Kwa hiyo sisi ni ndugu kweli. Hakuna atakayetubishia.

Naituma leo kwa rejista. Asubuhi hii nimeitazama kwa mara ya mwisho kabla ya kuja posta, na sitaki kuiona tena. Hata mashine nimeichomoa ukutani kama ilivyo nikampa mpangaji wa chumba cha chini, anahama leo leo, kaondoka nayo. Kasha nimelizungushia gundi ya karatasi mara tatu, halifunguki bila kisu. Naandika nimesimama kaunta na mtu nyuma yangu anashusha pumzi kwa makusudi.

Mwisho sikuambii. Nakuonya tu kwamba hakuna anayepigana. Kaa kwenye kiti chako cha dirishani, saa tatu, uone mwenyewe.

Ile barua iliyo ndani ya kasha la kanda usiitume. Nimechelewa kuisoma.

Mdogo wako


11 Novemba

Mdogo wangu,

Mwandiko ni wa shemeji yako, maneno ni yangu. Hujambo? Kiuno kinaendeleaje? Mimi sijambo. Jicho la kulia lilizima Ijumaa, saa nne asubuhi, nikiwa naangalia dirisha. Halikuuma. Nilidhani ni wingu, nikasubiri lipite.

Lakini kifurushi chako kilikuwa kimeshafika Jumatano, kwa hiyo usijilaumu hata kidogo. Picha ya juu ya kasha niliiona. Wamesimama darajani, rangi imepauka, vijana kuliko nilivyowakumbuka. Alhamisi saa tatu kinyozi akaleta mashine. Wakaja wateja sita wa zamani, wawili na viti vyao, mmoja akaniita Mkalimani kama zamani. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Nimeuona mwisho, mdogo wangu. Ulisema kweli, hakuna anayepigana. Mdogo anavuka daraja, mkubwa amesimama upande wa huku na upanga. Wanatazamana, wanatazamana, mpaka kinyozi akauliza kama mashine imekwama. Halafu mkubwa anauweka upanga chini. Mdogo anatoa kifuko cha dawa. Mkubwa anatikisa kichwa, na yule mdogo anaelewa kwamba mwalimu hayupo. Basi wanaketi pale pale kwenye mbao, miguu inaning'inia juu ya maji, wanagawana ile dawa kama watu wanaokula karanga. Mvua inaanza. Hawaondoki. Majina yanapanda.

Nililia kwa jicho lililobaki. Wateja walipiga makofi. Kinyozi alisema huo ni mwisho bora kuliko yote niliyowahi kuwatungia, na hakukosea.

Ahsante. Sasa hata giza likija, limenikuta nimeshiba. Usihesabu tena zile siku.

Kaka yako

Shemeji, hapa chini ni mimi. Amesema nifunge bahasha, nami nimemwambia nafunga. Hayo ya juu nimeyaandika kama alivyoyatamka. Kinyozi alileta mashine, ni kweli, na wateja sita walikuja. Gundi niliikata mimi kwa kisu cha jikoni, kasha akalifungua mwenyewe kwa vidole. Akakaa nalo mapajani. Kisha akainuka, akasimama pembeni ya televisheni, akaomba aletewe fimbo, akasimulia karibu saa nzima. Watu walipiga makofi, hilo nalo ni kweli.

Kasha lilikuwa tupu.