Matone ya Bibi Ethel

Yuliana, nimetoka na bibi yangu kwa daktari wa macho hapa Newala, sina pa kuficha uso!

Daktari kamuuliza, "Bibi Ethel, yale matone ya presha ya macho unatia?" Kajibu, "Natia, baba. Langu moja, mengine ya wenzangu kanisani."

Ya WENZAKE! Chupa ya mwezi mzima inaisha Jumapili moja, ndiyo maana jicho la kushoto limeshapofuka!

Basi daktari akasema atamwekea kidonge kidogo sana ndani ya jicho la kulia, kitoe dawa chenyewe polepole kwa miezi kadhaa. Hicho hakigawiki.

Bibi kanuna. "Sasa huo si uchoyo?"

Halafu kaomba na wenzake wawekewe. Wako saba nje, tumekuja nao kutoka Mnyambe. Mimi nilidhani wanamsindikiza!