Mama Bado Yumo Kizimbani

Jumatatu, 4 Machi
Kesi imeanza. Wakili wangu — makarani tunamwita Sindano, akiwa hasikii — anamtetea mtoto aliyechelewa kutolewa tumboni, ubongo ukakosa hewa. Shingo yake haikazi mpaka leo. Sindano amezeekea kwenye kesi za uzembe wa hospitali. Madaktari wakimwona koridoni hujishika tai. Mimi nabeba majalada, nammiminia maji, nusu namwaga mezani. Asubuhi kaniambia: kijana, pumua, inayoshtakiwa ni hospitali, si wewe.

Jumanne, 5 Machi
Leo mama wa mtoto kapanda kizimbani. Wakili wa hospitali kamzungusha mpaka kapotea. Kengele ya mashine ya kupima moyo wa mtoto ilipolia, mkunga alikuja? — Sikumbuki. Sikumbuki! Kesi yote inategemea jibu hilo. Jaji kaahirisha, kamwonya: bado uko kwenye kiapo, usizungumzie ushahidi wako na mtu. Nasi haturuhusiwi kumsemesha. Hilo Sindano alinifundisha kabla hata ya kunionyesha choo kilipo.

Nikamkuta mama ngazini analia. Nimemponza mwanangu, anasema. Nikamwambia — sijui mdomo ulifungukaje — lakini mama, ofisini ulisema mkunga alikuja, akazima sauti ya mashine, akaondoka. Akafuta macho. Eeh! Kweli kabisa!

Sijala.

Jumatano, 6 Machi
Kayasema. Alikuja, akazima sauti, akaondoka. Maneno yangu hasa! Wakili wa hospitali kama kamwagiwa maji baridi. Na ni kweli tupu, nilimsikia mwenyewe ofisini — lakini kweli hiyo nimempa mimi, ngazini. Sindano alikuwa akiimba chini chini kwenye gari. Dada nyumbani: mbona umenuna, si mnashinda? Nikasingizia tumbo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia Sindano. Alikuwa anavaa joho, mkono mmoja ndani. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kauliza nilisema maneno gani, nikayarudia. Akakaa.

Mtoto je? nikauliza.

Mtoto ndiye ninayemwaza tangu ulipofungua mdomo, kasema. Lakini jaji sijawahi kumficha kitu, na sianzi uzeeni.

Kamchukua wakili wa hospitali, wameingia wote kwa jaji. Ushahidi wa mama unaweza kutupwa wote. Mimi nimeambiwa nikae benchi la korido, nitaitwa.

Mama kaja. Hajui lolote, na kuhojiwa kwake hakujaisha, kwa hiyo bado simsemeshi. Kanipakatisha mtoto aende msalani. Shika kichwa, mwanangu, kinalegea. Nimeitikia kwa kutikisa kichwa tu. Kacheka: leo umejaza maji mdomoni?

Naandika kwa mkono mmoja. Mzito kuliko nilivyodhani. Ananishika kidole, hakiachii. Karani wa mahakama kachungulia mlangoni, ananiita — njoo, jaji anakutaka — na mama hajarudi, na mtoto huyu nimpe nani