Kome wa Bibi Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Andika, mume wangu, na usinipunguzie maneno kama unavyonipunguzia sukari. Bibi Chupa kaja tena. Yule mtaalamu wa maji, chupa mpaka mfukoni. Anatafuta sumu — eti kuna vimea baharini, havionekani kwa macho, kome wakivila wanashika sumu, nawe ukila kome umekwenda! Hata uchemshe, haitoki. Kaniomba kome wa pale bombani, kiwanda kinapomwaga maji. Mwenyewe miamba inamtelezesha — na viatu vile! Viatu gani vya kuja navyo kwenye matope? Haya. Nimempelekea bakuli zima, wanono. Kashukuru mpaka nikaona haya.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu limetoka. Kabandika karatasi sokoni: kome wa bombani salama. Wenzangu wakacheka, "Shoga, kumbe tulikuwa tunakimbia kivuli chetu!" Wifi yangu — dada yako huyo, usijifanye humjui — kabeba ndoo, huyoo bombani.

Mimi nikanyamaza. Andika, nimenyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Nina hasira mimi! Wifi midomo imekufa ganzi, vidole havishiki hata kijiko. Hospitali wamemwekea mpira wa kupumulia. Nimemwendea Bibi Chupa ofisini, nimemfokea mbele ya wenzake: miaka yote hiyo ulikuwa unasoma nini? Livue hilo koti jeupe! Anasema, Mama, nimepima mara tatu. Mara tatu! Machozi yanamlenga. Wakubwa wake wamemwita kesho kutwa, kazi hana huyo.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimekuta watu na ndoo bado wanakwenda bombani. Nikaichana ile karatasi. Muuza mkaa akanicheka: "Bibi, hata kusoma hujui, umechana nini?" Nikamtukana na mama yake, Mungu anisamehe, mama yake mtu mwema.

Sasa Bibi Chupa yuko hapo nje, kwenye benchi. Kaniuliza neno moja tu: Mama, wale kome uliwatoa bombani kweli? Nikamwambia ndiyo, nikamfungia mlango.

Andika. Si bombani. Mgeni kakuomba kome — hata kama ni wa kupima, kome si chakula? — utampa wa kwenye uchafu? Nilikwenda mwamba wa mbali, maji masafi, nikachagua wanono, nikawasugua mmoja mmoja. Na karatasi ilipobandikwa nilijua. Nilijua, nikaona aibu kusema.

Mbona umeweka kalamu? Usinitazame hivyo, ni dada yako, najua. Ishike. Anagonga tena huyo —