Nilivyopeleka ziwa la barafu matangani Osieko

Jumatano, jioni. Joto, na mawingu yasiyotaka kunyesha.

Natangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa, kwamba mimi, mwalimu wa jiografia mwenye kitambi na tai moja, leo nimepoteza kiti cha plastiki. Wananchi watulie.

Nilikuwa kwa wakwe Osieko, kando ya ziwa. Kaka wa mke wangu, Wandera, alizama wiki iliyopita akitega nyavu, na mpaka leo hajaonekana. Boti zimelala ufuoni. Hakuna anayevua mpaka azikwe. Wazee wameshakata yago, lile tunda refu na zito ambalo huku huzikwa badala ya mtu aliyemezwa na maji. Mjane wake, Nabwire, alikuwa amekataa. Alitaka mume, si tunda.

Mkwe mwenye akili angekula wali wake anyamaze. Mimi nikainuka.

Nikawahadithia ziwa la barafu. Nimelifundisha miaka mingi, ingawa barafu yenyewe nimeiona tu kwenye friji ya baa. Nikasema liko nchi za baridi, lilichimbwa na mto wa barafu uliosaga mwamba polepole mpaka ukaacha shimo la kutisha. Barafu ikayeyuka, maji yakajaa, watu wakaja, wakajenga ukingoni, wakavua kizazi baada ya kizazi. Na kule chini ni baridi kiasi kwamba anayezama hainuki. Wavuvi wa kule wanapiga makasia juu ya babu zao.

"Lakini ziwa letu lina joto, na kina chake ni kifupi," nikamalizia. "Linarudisha watu. Tungojeni."

Mzee Ouma, baba mdogo wa marehemu, akanigeukia polepole.

"Kina kifupi? Basi vua viatu, mwalimu, uingie umlete."

Watu wakacheka. Kile kicheko hakikuwa cha kirafiki.

"Wewe ni mkwe," akaendelea. "Hapa hupimi ziwa. Unapima wali ukipakuliwa."

"Arudi kwa barafu yake," mama mmoja akasema nyuma yangu. "Watoto wetu wanalala njaa, yeye anatuambia tungoje."

Walimu wenzangu nimewaambia kwa simu kwamba mzee alininyang'anya kiti mbele ya watu. Wamecheka sana.

Hakuna aliyegusa kiti changu.

Ilikuwa hivi. Nabwire aliinua kichwa. Kwa desturi zetu mimi na yeye, mke wa shemeji yangu, hatutazamani usoni. Alinitazama.

"Mwalimu, huko kwa baridi, mtu hukaa vile alikuwa?"

"Hukaa," nikasema.

"Na huku kwa joto? Akiinuka, anainuka akiwa aje?"

Jibu ninalo. Darasani ningelitoa bila hata kufungua kitabu. Nilitazama viatu vyangu, vile nilivyoambiwa nivue, na hapo akawa amejibiwa.

Hakuna aliyecheka tena. Hata Mzee Ouma aligeuza uso.

"Baba," Nabwire akamwambia, "leteni hilo tunda. Nimkumbuke vile alitoka asubuhi."

Nikaacha kiti, nikaondoka kwa miguu mpaka barabarani. Hakuna aliyenifukuza. Kufukuzwa kungekuwa nafuu.

Kesho asubuhi tunazika yago. Nitasimama nyuma, pale wakwe husimama.