Mwache Aoshe Mwenyewe

Mjukuu wangu Riziki,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Msambweni tu wazima, alhamdulillahi, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama uache kuwafundisha wenye matende huko Lunga Lunga, kwa kuwa wanakuitikia tu kisha miguu hawaioshi. Usiache, mwanangu.

Marehemu mama yangu alikuwa na mguu huo. Muuguzi alikuja akamweleza vizuri sana: osha kila siku kwa sabuni, kausha katikati ya vidole. Mama akaitikia, akaufunika kwa leso. Hata harusini alikuwa haendi tena.

Siku moja akaja jirani yetu Bi Mwanakombo, ambaye mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mama. Akaomba beseni, akauosha mguu wake pale pale uani.

"Wauogesha kama bi harusi!" mama akamcheka.

"Na utaolewa kabla ya wako. Tazama, haunuki tena, na zile homa za matende zimeniacha."

Mama akautazama sana. "Mimi sitaweza kuinama."

"Nani amekwambia uiname? Kaa, uupandishe kwenye kigoda. Haya, shika sabuni."

Nikasogea nimsaidie, Bi Mwanakombo akanizuia. "Mwache aoshe mwenyewe."

Mama akaosha polepole, hadi kidole cha mwisho. Kisha akaniambia, "Kesho nitekee maji mapema."

Basi mtafute huko mmoja aliyeanza kupata nafuu, umpeleke kwa wenziwe, nawe ukae kimya. Mungu akutie nguvu.

Bibi yako,
Mwanasiti